Kikombe cha mlevi na jedwali lisilo na tundu

Jana rafiki yangu kanitumia jedwali la vitenzi vya Kiitaliki mame, ile lugha iliyozaa Kilatini na ndugu zake. Nafsi sita, njeo zote, kila kisanduku kimejaa, kila neno na kinyota chake kichwani, alama ya neno lililokisiwa tu, lisiloonekana kwenye maandishi yoyote. Linapendeza kama kanga mpya. Mimi nilikosa usingizi kwa hasira.

Hebu nielezeni, wakati ujao mmeutoa wapi? Kilatini kina amabo, "nitapenda". Kifaliski, jirani wa ukuta kwa ukuta, kina f pale penye b, na tunalijua hilo kwa sababu mtu aliandika kwenye kikombe: foied uino pipafo cra carefo. Leo nitakunywa divai, kesho nitaikosa. (Mlevi yule kaisaidia isimu kuliko wengi wenye shahada.) Mpaka hapo sina ugomvi. Wengi wetu tunakubali kwamba b na f ni mabaki ya kitenzi cha "kuwa", kilichochakaa kama -taka ilivyochakaa ikabaki -ta- ndani ya nitakuja. Lakini vuka kwa Waoska, watu wa kale wa kusini mwa Italia ambao lugha yao ni ndugu wa Kilatini: deiuast, "ataapa". Nenda Gubbio, Italia ya kati, kwenye vibao vya shaba vya Waumbria, ndugu wengine: ferest, "atabeba". Si f, si b. Ni s! Sasa mzazi wao alisemaje? Jedwali limechagua upande wa Roma kimyakimya, kana kwamba wale wengine ni watoto wa kuokota.

Ni sawa na mtu aunde Kibantu mame kwa Kiswahili peke yake, aandike kwamba -li- ni wakati uliopita, kwisha. Mswahili akisema nilikwenda, safari imeshapita; Mganda akisema ndigenda, hata mzigo hajafunga.

Haya, si yote ya kubuni. Ile -bam ya Kilatini, kama amabam, "nilikuwa nikipenda", ina shahidi, fufans ya Kioska, "walikuwa". Na pini ya Praeneste, pini ya kale ya dhahabu yenye Kilatini cha zamani, iliyoandikwa fhefhaked, "alitengeneza", iliyosingiziwa kughushiwa mpaka vipimo vya 2011 vikaisafisha, inarudia silabi sawasawa na fefacust ya Kioska, "atakuwa ametengeneza". Aliyeasi ni fecit, "alitengeneza" ya Kilatini cha darasani, isiyorudia silabi. Hapo wekeni kinyota, nitanyamaza. Ile -v- ya amavi, "nilipenda"? Kioska hakiijui kabisa, chenyewe kina -tt-, kinasema prufatted, "aliidhinisha".

Nimemwandikia rafiki yangu aweke alama ya kuuliza kwenye safu nzima ya wakati ujao. Kanijibu kwamba jedwali litakuwa baya.