Magari ya zamani kwenye tamthilia: kosa lipi linasameheka?

Katika Life on Mars, tamthilia ya BBC iliyoanza kuonyeshwa 2006, polisi wa Manchester anagongwa na gari, na akizinduka anajikuta yuko mwaka 1973. Bosi wake mpya, Gene Hunt, anaendesha Ford Cortina Mk III ya rangi ya shaba. Namba yake inaishia na herufi K, yaani gari lilisajiliwa kati ya Agosti 1971 na Julai 1972. Lakini kamera ikiingia ndani, dashibodi ni ile mpya ambayo Ford waliileta mwishoni mwa 1973. Wapo wapenzi wa magari ya zamani ambao hawawezi kulifumbia macho jambo hilo.

Wana hoja. Suruali ya 1968 mtu anaweza kuivaa 1973 na isimshangaze yeyote, ila gari ambalo halijatengenezwa haliwezi kuegeshwa popote. Na Uingereza mwaka wa gari uko nje nje: herufi za mwaka zilianza kuwekwa kwenye namba 1963, na kuanzia Januari 1973 magari mapya yalilazimika kufungwa pleti nyeupe mbele na ya njano nyuma, badala ya zile nyeusi za awali. Anayejua kusoma alama hizo hana namna ya kutoziona.

Kwa upande mwingine, waandaaji hawaagizi magari kiwandani. Wanakodi ya watu. Cortina nyingi zililiwa na kutu zikaishia kwenye vyuma chakavu, na iliyosalia mara nyingi imesalia kwa kufungwa vipuri vya mwaka wowote vilivyopatikana. Kumtaka mwenyewe aing'oe dashibodi kwa ajili ya picha ya sekunde chache ni kumwonea. Cortina hiyo mimi naisamehe.

Siisamehi Audi Quattro ya Ashes to Ashes, mwendelezo wa Life on Mars wa 2008. Hunt sasa yuko London mwaka 1981, na usukani wake uko kulia. Quattro zilizouzwa Uingereza mwaka huo zilikuwa na usukani wa kushoto. Za kulia zilikuja baadaye. Hapa ukweli ungeinogesha hadithi: mbabe huyu amekaa upande wa kushoto katika nchi inayoendesha kushoto, anataka kulipita basi lakini haoni mbele mpaka abiria wake achungulie na kumwambia apite. Ni tukio zuri lililoachwa bure.

Hata hivyo, kinachoniudhi zaidi wakaguzi wa namba hawakitaji. Ni mitaa ambayo kila gari ni la miaka ileile na yote yanang'aa. Mtaa halisi wa 1973 ulikuwa na Morris Minor ya miaka ya hamsini, Ford Anglia yenye kutu juu ya matairi, na gari lenye mlango wa rangi tofauti kwa sababu uliokotwa kwenye gari bovu. Wenye magari huyang'arisha kabla ya kuyaleta, na ni haki yao kujivunia kazi ya mikono yao. Lakini vumbi na tope huoshwa jioni, wala mwenye gari hapati hasara. Kama bajeti ya magari inatosha jambo moja tu, ningeanza na kuuchafua mtaa, dashibodi ya Hunt isubiri.