Sanamu, Heshima na Nyoka wa Shaba

Kila mjadala kuhusu sanamu na picha takatifu unapozuka, andiko linalotajwa kwanza ni Kutoka 20:4, linalokataza kujifanyia sanamu ya kuchonga. Na anayelitaja mara nyingi huishia hapo, kana kwamba sura ya 25 ya kitabu hicho hicho, ambamo Mungu anamwagiza Musa afanye makerubi wawili wa dhahabu juu ya sanduku la agano, haikuandikwa. Naamini kwa dhati kwamba kuheshimu sanamu ni tofauti na kuiabudu, ila siwaungi mkono Wakatoliki wenzangu wanaolipuuza swali lenyewe.

Nyoka wa shaba ndiye anayenifikirisha zaidi. Katika Hesabu 21, Musa anamtengeneza kwa agizo la Mungu, na kila aliyeumwa na nyoka akimtazama anapona. Lakini katika 2 Wafalme 18:4, mfalme Hezekia anamvunja vipande vipande kwa sababu Waisraeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Shaba ilikuwa ile ile.

Ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, mwaka 787, baada ya miaka mingi ya wafalme wa Bizanti kupiga vita picha takatifu, ulipambanua wazi: kuabudu ni kwa Mungu peke yake, na picha hupewa heshima, ambayo humwendea yule aliyechorwa. Yohane wa Damasko, mwanateolojia aliyezitetea picha hizo, alikuwa amekwisha kueleza kwamba Mungu asiyeonekana hachoreki, lakini alipotwaa mwili alionekana, na aliyeonekana anaweza kuchorwa. Sijakutana na hoja iliyoishinda hiyo, kwa kuwa inasimama juu ya fumbo la Umwilisho lenyewe.

Katika Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani, iko sanamu ya shaba ya mtume huyo akiwa ameketi, na mguu wake wa kulia umelika hata vidole vimefifia, kwa kuguswa na kubusiwa na mahujaji karne baada ya karne. Simlaumu mgeni anayeona ushirikina hapo, maana midomo inayobusu haimwonyeshi yaliyomo moyoni.

Nimewahi kumsikia muumini akisema kwamba sanamu ya Bikira Maria ya kanisa fulani husikia maombi kuliko ya parokia yake. Bikira ni mmoja, na Mtaguso wa Trento ulikwisha kutamka mwaka 1563 kwamba ndani ya sanamu hamna uungu wala nguvu ya kutumainiwa. Muumini huyo alikuwa amebatizwa, akapata kipaimara na kufunga ndoa kanisani, na katika mafundisho yote hayo hakuna aliyemweleza jambo hilo.