Rückert na tafsiri ya vina: faida yake, gharama yake

Friedrich Rückert (1788–1866), mshairi na mfasiri wa Kijerumani, husifiwa kwanza kwa idadi ya lugha alizojifunza: inasemekana zilifika 44, zikiwemo Kiarabu, Kiajemi na Kisanskriti. Ni sifa kubwa, ila haitoshi kumpima mfasiri. Kinachobishaniwa hasa ni uamuzi wake wa kushika vina na umbo la shairi la asili hata pale maana ilipolazimika kusogea ili kina kipatikane.

Uamuzi huo hakuufikia kwa bahati. Mwaka 1811, katika tasnifu aliyoitetea Jena, alishikilia kwamba Kijerumani kina uwezo wa kupokea ndani yake lugha za mataifa mengine. Mwaka 1818 akapita Vienna, na huko Joseph von Hammer-Purgstall, mtaalamu wa lugha za Mashariki, akamwingiza kwenye Kiajemi. Hammer alikuwa amekwisha kufasiri diwani nzima ya Hafidh, mshairi wa Kiajemi (1812–13), bila kufuata umbo la ghazali, shairi la beti za mishororo miwili zenye kina kimoja. Mshairi wa Kijerumani Goethe alivutwa na tafsiri hiyo akaandika Divan yake ya 1819, lakini naye hakujifunga na umbo hilo. Rückert alijifunga.

Tuone kujifunga huko kulimgharimu nini. Katika ghazali, mishororo miwili ya ubeti wa kwanza hufanana vina, kisha kina hichohicho hurudi mwishoni mwa kila ubeti. Ghazali ya beti 10 inataka maneno 11 ya kina kimoja. Kiajemi na Kiarabu hayapati shida hapo, kwa sababu miisho ya maneno mengi inafanana. Kijerumani ni bahili: neno la kawaida kabisa kama Mensch, yaani binadamu, halina kina safi hata kimoja. Rückert alijinasua kwa njia mbili. Alipanga sentensi ili kitenzi kiangukie mwisho, jambo ambalo sarufi ya Kijerumani inaliruhusu sana, na aliunganisha maneno mawili au matatu kuwa neno jipya. Njia ya pili ndiyo inayochosha. Msomaji hukutana na neno ambalo halijawahi kutamkwa na Mjerumani yeyote, na akilichunguza anaona limeundwa kwa ajili ya kina tu.

Kwa ghazali alizozitoa kwa jina la Rumi, mshairi wa Kiajemi, naona wakosoaji wana haki. Rückert alitegemea sana dondoo za Kijerumani alizochapisha Hammer mwaka 1818, na mara nyingi alitunga upya kuliko kufasiri. Zisomwe kama mashairi ya Rückert, na kwa hadhi hiyo ni mazuri mno: kwa hizo, ghazali yenye umbo kamili iliingia katika ushairi wa Kijerumani, na mshairi August von Platen akaifuata punde. Anayemtafuta Rumi mwenyewe asianzie hapo.

Kurani inabadilisha hesabu. Chukua Suratul Ikhlas. Kwa Kiarabu aya nne zinaishia ahad, samad, yulad, ahad. Rückert akazimalizia Einer, reiner, keiner, einer. Mistari minne, kina kimoja, na mstari wa tatu umerefuka kuliko jirani zake, ingawa katika asili aya ndefu kuliko zote ni ya nne. Gharama imekaa katika aya ya pili. Samad ameifanya „wa milele, aliye safi“. Ali Muhsin al-Barwani katika tafsiri yake ya Kiswahili ameandika „Mkusudiwa“, na hiyo iko karibu zaidi na maana ya Yule ambaye viumbe wote wanamwelekea kwa haja zao. Mtetezi wa Rückert atajibu kwamba wafasiri wa kale walitoa maelezo zaidi ya moja ya neno hilo, na kubaki milele ni mojawapo. Ni kweli. Lakini „safi“ imeletwa na kina, na mtu anayetaka kujenga hoja ya itikadi juu ya aya hiyo atapotea.

Hata hivyo, tafsiri iliyotunza maana na kuacha sauti nayo imepoteza kitu. Sura fupi za Makka zinapiga sikio kabla akili haijaanza kufafanua. Msomaji aliyelelewa na tenzi, anayelihisi guni, yaani shairi lenye kasoro ya vina au mizani, kabla hajaambiwa kosa liko wapi, hahitaji kuelezwa hilo kwa urefu.

Makama, yaani visa vifupi, za mwandishi wa Kiarabu al-Hariri wa Basra zinampa Rückert ushindi ulio wazi zaidi. Sehemu ya kwanza aliitoa 1826, mwaka alioanza uprofesa Erlangen. Kitabu hicho ni nathari yenye vina, kimejaa mafumbo na michezo ya herufi. Kuna maandishi yaliyopangwa kwa herufi zenye nukta na zisizo nazo. Hayo hayafasiriki neno kwa neno. Alichofanya ni kuondoa mchezo wa Kiarabu na kuweka wa Kijerumani mahali palepale, na mwenyewe akaiita kazi hiyo uigaji huru. Hakumdanganya mtu. Angefasiri maana peke yake, lingebaki simulizi la laghai mwenye maneno mengi, na ufundi wote ungemwagika.

Lawama ya wingi, kwamba aliandika mno bila kuchuja, nayo ina uzito. Mwaka 1833 alitoa mashairi ya kale ya Kichina kutoka tafsiri ya Kilatini. Watoto wake Luise na Ernst walipokufa kwa homa nyekundu katika majira ya baridi ya 1833–34, aliandika mashairi 428 ya maombolezo, hakuyachapisha, yakatoka 1872 baada ya kifo chake. Gustav Mahler alitia muziki matano tu, na hayo ndiyo dunia inayoyajua. Mkono uliozoea kupata kina upesi haukuchuja.

Isipokuwa kwenye Kurani. Hapo alichuja kweli: sehemu nyingi za sheria na zinazojirudia aliziacha, vina akavikaza katika sura fupi na kuvilegeza katika zile ndefu, na muswada ukabaki bila kuchapishwa maisha yake yote. Mhariri August Müller aliutoa 1888, na kwenye jalada akaeleza waziwazi kuwa ni Kurani kwa muhtasari.