Dakika Kumi Tu, Mathe

Niko ndani ya matatu, Jogoo Road, nimebanwa kati ya dirisha na mama mwenye gunia la sukuma wiki. Simu inalia. Si bosi. Ni kijana wangu: simu yake nimeifunga kwa programu ya wazazi, sasa anaomba dakika 10 zaidi za kuitumia. Naruhusu. Hatujafika City Stadium, ombi jingine: anataka kuweka kikokotoo. Kikokotoo, jamani! Mtoto wa miaka 14, yuko Gredi ya 8, anahitaji kibali cha mama ndipo ajumlishe?

Kosa ni langu. Kufuli zote hizo nilizifunga akiwa na miaka 8, enzi zile akibonyeza kila tangazo linalomeremeta. Leo sauti imemshinda babake kwa uzito, lakini simu bado inamwona mtoto wa chekechea. Ikigonga saa mbili usiku, giza! Hata kama mwalimu ndiyo kwanza ametuma kazi kwenye WhatsApp. Basi ananijia jikoni, mikono yangu imejaa unga wa chapati: "Mathe, fungua." Ebu niambieni wazazi wenzangu, aliyefungiwa hapa ni yeye au ni mimi?

Jumapili nikasema, leo nalegeza. Wapi! Nywila niliweka lini, nani anakumbuka? Nikajaribu jina la nyanya, la kuku, la kijiji. Kijana akanitazama kwa huruma, akachukua simu, akaandika, ikafunguka.

"Naijua tangu Gredi ya 5."

Sasa hizo dakika 10 ulikuwa unaniomba za nini, wewe?