Pauaho: aliyeishiwa pumzi si mwoga

Neno la Kihawaii pauaho limejengwa na mawili: pau, kwisha, na aho, pumzi. Huambiwa mtu anayehema mpaka basi, na huambiwa pia aliyekata tamaa njiani. Wapo wanaolifasiri "mwoga", nami sikubaliani nao. Subira nayo ni ahonui, yaani pumzi nyingi. Tena kuna maʻule, kuzimia, neno linalomfaa hata aliyevunjika moyo bila kuanguka chini.

Wapo wanaosoma maneno haya wakasema Wahawaii hawakuutenga mwili na moyo. Wana hoja. Naʻau ni utumbo, na humo ndimo zinamokaa hisia na fikra: mwerevu ni naʻauao, utumbo wenye mwanga wa mchana, mjinga ni naʻaupō, utumbo wenye usiku. Sisi tunaosema fulani kafa moyo hatuhitaji kubembelezwa tulielewe hilo.

Lakini hofu yenyewe ina maneno yake: makaʻu, hopo, wiwo. Hamna pumzi humo. Jasiri ni koa, jina la askari na pia la mti uliochongwa mitumbwi. Nāwaliwali ni mnyonge wa mwili, kama mtu aliyetoka kuugua, wala hakuna anayemshuku woga. Lugha iliyochanganya unyonge na woga isingejisumbua kugawa hivi.

Wengine huwatilia shaka wamisionari Wakristo, kwamba huenda ndio walioyapa maneno haya maana ya moyo. Walifika 1820, Biblia nzima ikatoka kwa Kihawaii 1839, na kamusi ya Lorrin Andrews ikafuata 1865. Kitabu kilichojaa mioyo inayozimia kingeweza kuliongezea maʻule uzito wa kiroho. Shaka hiyo ni ya haki, ila naona hailifikii pauaho, kwa kuwa maana yake imo ndani ya viungo vyake. Na pau ni neno la kila siku hadi leo: visiwani humo, kazi ikiisha, hata wasiojua Kihawaii husema pau hana, hana ikiwa ni kazi.

Kwa hiyo nikikuta pauaho limefasiriwa "mwoga", nahuzunika. Mwoga hakutaka kuanza. Huyu alianza, akatembea, pumzi zikamwishia. Mwaka 1896 sheria iliwanyima watoto wa Hawaii kufundishwa shuleni kwa lugha yao, na lugha hiyo haikuwa rasmi tena hadi 1978. Wanaojifunza sasa, wengi wao kupitia kamusi, wanastahili kuukuta mpaka huo kati ya kuishiwa pumzi na woga bado upo.