Asasi ikishambuliwa kisiasa: inyamaze au ijibu?

Septemba 2009, nchini Marekani, video zilizochukuliwa kwa kamera ya siri zilianza kusambaa mtandaoni. Zilionyesha wafanyakazi wa ACORN, asasi iliyokuwa ikiwasaidia watu wa kipato cha chini kupata makazi na kujiandikisha kupiga kura, wakimshauri mwanamke aliyejifanya kahaba jinsi ya kuficha kazi yake. Siku chache tu baadaye Seneti ilipiga kura 83 kwa 7 kuinyima asasi hiyo fedha za serikali. Aprili 2010 ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa California ilitoa ripoti: video zilikuwa zimekatwakatwa, na ingawa baadhi ya wafanyakazi walijiendesha vibaya, haukuonekana uhalifu. Lakini wafadhili walikuwa wameshaondoka. Novemba mwaka huohuo ACORN iliomba kufilisiwa.

Wengi huisimulia habari hii kama ya asasi iliyopakwa matope ikafa bila hatia. Matope ilipakwa kweli. Ila kuna jambo lililotangulia. Mwaka 2008 ilifahamika kwamba ndugu wa mwanzilishi alikuwa ameiba karibu dola milioni moja za asasi takriban miaka minane nyuma, na viongozi wachache waliojua walilificha jambo hilo, bodi yenyewe haikuambiwa. Kwa hiyo video zilipotoka, watu waliopaswa kusimama na kusema "hawa tunawafahamu" walikuwa tayari wamevunjika moyo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Silisemi hili kuwasafisha waliokata video, maana walichofanya ni uovu. Nalisema kwa sababu asasi nyingi hufikiria kujilinda siku ya kushambuliwa, na siku hiyo mengi huwa yameshaamuliwa.

Basi, siku hiyo ikifika, asasi ifanye nini? Wako wanaosema inyamaze. Hoja yao haipaswi kubezwa. Uongo ukijibiwa kwa kelele huwafikia hata wale ambao hawakuusikia. Mshambuliaji mara nyingi hana haja ya kushinda hoja, anataka ugomvi, kwa sababu ugomvi unamla mkurugenzi muda, unawatisha wafanyakazi na unamfanya mfadhili aanze kuulizia "kiwango cha hatari". Na kuna mgonjwa anayesubiri dawa Jumatatu. Yeye hatasaidika na tamko kwa vyombo vya habari.

Ethiopia inatuonyesha nguvu ya hoja hiyo pamoja na gharama yake. Sheria ya mwaka 2009 ilizuia asasi iliyopata zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje kufanya kazi za haki za binadamu. Asasi nyingi zilibadili malengo, zikajiandikisha kama za maendeleo au huduma, zikaendelea kuishi. Siwezi kuwalaumu, maana shule na zahanati zilibaki wazi. Baraza la Haki za Binadamu la Ethiopia, ambalo ni asasi ya kiraia, halikubadili kazi yake. Akaunti zake zilizuiwa, likafunga ofisi nyingi za matawi, likabaki na watu wachache. Sheria ile ilikuja kubadilishwa mwaka 2019. Katika miaka kumi hiyo, nani aliandika habari za waliokamatwa na kuteswa? Ni wale wachache waliokubali kuumia. Kunyamaza kuliokoa asasi, lakini kulipunguza mno idadi ya mashahidi.

Upande wa pili unasema: jibu, tena hadharani. Hungaria mwaka 2017 ilipitisha sheria ya kuzilazimisha asasi zenye fedha za nje kujisajili na kujitambulisha hivyo kwenye machapisho yao. Baadhi zilikataa waziwazi kujisajili na zikapigania haki yao mahakamani. Juni 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba sheria hiyo inakiuka sheria za Umoja, na mwaka uliofuata ikafutwa. Ushindi mkubwa. Lakini Desemba 2023 ilipitishwa sheria nyingine, iliyoanzisha ofisi ya "kulinda mamlaka ya nchi" yenye uwezo wa kuzichunguza asasi hizohizo. Mahakama inakununulia muda. Anayedhani inakununulia amani atavunjika moyo mapema.

Mimi naegemea upande wa kujibu, kwa sharti moja: ijulikane kwanza kama tunajibu swali au tunajibu shambulio. Tusijidanganye kwamba kila barua ya msajili ni mkono wa wanasiasa. Fedha za asasi ni amana, na wako waliofungua asasi za mkobani, ofisi hazina, wanufaika hawana. Serikali ina haki ya kuuliza, na raia pia. Anayepiga kelele za "tunaonewa" kila anapoombwa hesabu anawaumiza wenzake watakaoonewa kweli. Shambulio hujitambulisha kwa namna yake. Jibu linatangazwa kabla swali halijaulizwa. Muda unaotolewa hautoshi hata kupiga nakala. Asasi zinazoulizwa ni zile tu zilizokosoa serikali, na maswali yanahama taratibu kutoka kwenye fedha kwenda kwenye misimamo. Hapo karatasi peke yake haitoshi, lakini bila karatasi huna pa kusimama.

Niliwahi kukaa kwenye bodi ya asasi ndogo iliyopokea barua ya aina hiyo Ijumaa saa kumi jioni: nyaraka za miaka mitatu ndani ya siku saba. Hatukuwa tumeiba hata senti. Lakini mihtasari ya vikao viwili haikuwa na sahihi, vocha za mwaka mmoja zilikuwa kwenye kompyuta ya mhasibu aliyekwisha kuacha kazi, na nywila ya barua pepe ya ofisi ilijulikana na mtu mmoja tu, naye alikuwa safarini. Usiku ule tulikaa sakafuni tukipanga risiti kwa mwezi, na mwenzetu mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi tungepewa siku tatu ingekuwaje?" Sijalisahau swali lile.

Tangu hapo kinachonijia kwanza nikisikia neno "maandalizi" ni nani ana ufunguo gani, na asipokuwepo nani anao. Ukaguzi wa hesabu uwekwe hadharani kila mwaka kabla mtu hajauomba. Mwanasheria afahamike kwa jina na awe ameshaisoma katiba ya asasi. Fedha za miezi kadhaa ziwekwe kando, kwa sababu akaunti ikizuiwa mishahara ndiyo hufa kwanza, na watu wakiondoka hakuna tena cha kutetea. Msemaji awe mmoja, na wafanyakazi wengine waambiwe mapema la kufanya wakipigiwa simu au wakitukanwa mtandaoni kwa majina yao. Matusi hayo huwaangukia zaidi wanawake na vijana wa mapokezi na wa mitandao ya kijamii kuliko wakurugenzi, na asasi nyingi huwaacha wapambane nayo peke yao. Hilo linaniuma.

Majina ya wanufaika yanahitaji ulinzi kuliko hesabu. Asasi ya wanawake waliopigwa majumbani ikikabidhi orodha yake yote kwa sababu imeombwa "nyaraka zote", itakuwa imeshirikiana na mshambuliaji. Mwanasheria wa kuliona hilo lazima apatikane kabla ya ile Ijumaa jioni.

Kuhusu majirani: asasi zinazotoa huduma hupenda kujitenga na zile za haki zinaposhambuliwa. Hesabu hiyo ni ya muda mfupi. Nikaragua tangu mwaka 2018 imefunga maelfu ya asasi, na Agosti 2024 zilifungwa 1,500 kwa mkupuo mmoja, nyingi zikiwa za makanisa na za misaada.

Memorial, asasi ya haki za binadamu ya Urusi, ilikusanya kwa miongo mitatu majina ya watu walioteswa na kuuawa zama za Kisovieti. Desemba 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru ivunjwe. Oktoba 7, 2022, siku ilipotangazwa mshindi mwenza wa Tuzo ya Nobel ya Amani, mahakama ya Moscow iliamuru jengo lake lichukuliwe. Orodha ya waathirika zaidi ya milioni 3 ilikuwa imeshawekwa mtandaoni miaka mingi kabla, na mjukuu anayemtafuta babu yake bado anaweza kumkuta humo.