1,234,567 si namba tasa: kalamu na simu kila moja ina pake

Kwenye twisheni za Dar es Salaam, Mbagala hadi Tegeta, ubishi ni uleule: mwanafunzi atafute vigawo tasa vya namba kubwa kwa simu, au asote na kalamu? Tuipime kwa 1,234,567, namba ambayo kwa mpangilio wake tu inawashawishi watu kubahatisha.

Wa kalamu wana hoja. Namba inaishia na 7, basi 2 na 5 nje. Jumla ya tarakimu ni 28, basi 3 nje. Kwa 7, 11 na 13 usigawe mara tatu: zikizidishwa zinatoa 1,001, kwa hiyo ikate namba tarakimu tatu tatu kutoka kulia, utoe na kujumlisha kwa kupishana: 567 − 234 + 1 = 334. Kwa kuwa 334 haigawanyiki kwa yoyote kati ya hizo, 1,234,567 nayo haigawanyiki. Hapo wengi huweka kalamu chini na kuandika "tasa". Wamewahi mno. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Cha hii ni 1,111 na ushee, na hadi hapo kuna namba tasa 186 za kujaribu. Inayogawa ni ya 31 katika orodha: 127 × 9,721.

Na 9,721 je? Wa simu ataiandika upya. Wa kalamu ameshamaliza, kwa sababu kipeuo chake hakifiki 99, na namba tasa zote chini ya 127 zilishashindwa. Ni tasa bila kugawa tena.

Ila tusidanganyane. Kugawa mara 31 kwa mkono hakumfundishi mtu kitu ambacho mara ya sita haikumfundisha, na ukiteleza kwenye 127 unaendelea bure hadi 1,109. Kazi hiyo apewe simu.

Tatizo la mashine huanza namba ikirefuka. Programu nyingi hutunza namba kwa nafasi 53 za mfumo wa jozi (wa 0 na 1), kwa hiyo 9,007,199,254,740,993 hugeuka kimyakimya kuwa ...992. Ukiuliza, utaambiwa ni shufwa na haigawanyiki kwa 3. Kwa jicho tu inaonekana ni witiri, na jumla ya tarakimu zake ni 78, yaani inagawanyika kwa 3.

Karani wa steshenari Kariakoo hukutana na jambo hilihili bila kujua. Akiingiza namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20 kwenye Excel, tarakimu 15 za mwanzo hubaki na tano za mwisho huwa sifuri. Kubadili safu kuwa maandishi baadaye hakuzirudishi. Ibadilishwe kabla ya kuandika, au namba itanguliwe na alama ya '.